Gunia Mbele ya Pikapu

Bwana Method alishuka kwenye pikapu kabla haijasimama sawasawa. Kaunda suti yake ya kijivu ilikuwa imelowa mgongoni na kwapani, na karatasi alizoshika zimejikunja kwa jasho la mikono.

"Amekizima kiyoyozi tena," alisema. Hakumwambia mtu mmoja. Aliiambia yadi nzima. "Kutoka Nata hadi hapa nimepikwa kama kiazi, na huyu amekaa pembeni yangu anapiga mluzi."

Magige, dereva wake, alishuka upande wa pili bila haraka, akaurudisha mlango taratibu mno, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

"Sikupiga mluzi, mzee. Nilikuwa napumua. Mle ndani siku hizi hata kupumua kunatoa sauti."

"Funga mdomo."

"Ungeniruhusu nifungue kioo, mdomo ningeufunga mwenyewe."

Nyangi, mpika chai wa yadi, aliyasikia yote akiwa jikoni kwake, yaani mafiga matatu na kipande cha bati kilichoegemezwa ukuta wa stoo. Alimimina chai ya mkuu, akaongeza maji ya baridi kidogo, maana mtu aliyetoka kwenye joto chai ya moto humwonea. Bwana Method aliipokea bila kumtazama. Kikombe cha Magige alikimimina cha mwisho, kama kawaida yake, kutoka chini ya sufuria ambako majani yametuama. Magige alikitazama kile kikombe, akamtazama yeye, akanywa.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa sita, nyasi zimekomaa. Watu wengi wa Serengeti walikuwa bado wanajifunza majina ya majirani zao, maana walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa mwaka uliotangulia. Nyumba zilipangwa mstari, kijiji kimepimwa vizuri, ila maji yakawa mbali. Ndiyo maana ukaja mradi wa visima, na mradi ukaletewa kutoka ng'ambo pikapu mbili mpya za kubebea mabomba ya chuma na mifuko ya saruji. Mugumu haikuwahi kuona pikapu kubwa namna ile. Moja ilipelekwa Tarime, ikawa inazunguka Nyarero na vijiji vya jirani, dereva wake akiwa mtu mpole aitwaye Nashoni. Ya pili ilibaki Mugumu, kwa Magige.

Zote mbili zilikuwa na kiyoyozi. Siku ya kwanza watu wa yadi walipanga foleni wakaingiza mikono dirishani kuonja ule upepo. Fundi Selestine alisema ni kama kuingiza mkono mtungini asubuhi. Bwana Method, mkuu wa mradi, alitoa amri palepale kwamba vioo vya gari lile visifunguliwe tena, kwa sababu vumbi la barabara za Serengeti lilikuwa limekwisha kumharibia suti mbili na kifua kimoja. Magige peke yake hakutaka kuonja. Alisimama kando akasema mbele ya watu wote, "Baridi ya namna hii ni ya kuhifadhia maiti. Mimi nitakuwa nakizima." Watu walicheka. Baadaye maneno yale yalirudi kumtafuta.

Magige alikuwa Mkurya wa Nyarero, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega mapana na ulimi usiochagua wa kumchoma. Nyangi alikuwa amemzidi kwa umri wa mama na mwana, lakini tangu aje Mugumu Magige hakuwahi kumwamkia. Alipita akasema "haya", basi. Nyangi naye hakuidai ile shikamoo. Yeye alikuwa Mwikoma anayeishi Morotonga, na mumewe, Kisyeri, alirudishwa nyumbani amelazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, miaka tisa iliyopita, baada ya watu kuja kutoka kaskazini kuchukua mifugo. Alikaa siku nne kisha akafa. Nyangi hakupata jina la mtu wa kumlaumu. Alipata upande wa dunia tu, upande wa Tarime, na Magige ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka upande huo kuja kukaa mahali ambapo angemwona kila siku. Basi alimpa kikombe cha mwisho, na makombo ya chai, na uso mkavu. Hakuona kwamba amemwonea.

Lakini kulikuwa na jambo la maji.

Goti la Nyangi la kushoto lilikuwa bovu, na maji ya chai ya yadi yalitoka kijitoni, bondeni. Wiki ya kwanza Magige alimwona anapanda na debe kichwani. "Unachechemea kama mbuzi aliyekosa mnunuzi," alimwambia, akapita. Kesho yake jioni alirudi kutoka vijijini, akashusha debe la maji nyuma ya pikapu, akaliweka kando ya mafiga bila neno. Akafanya hivyo keshokutwa, na siku zote zilizofuata. Siku moja Nyangi alifungua mdomo amshukuru.

"Yamebaki kwenye kujaribu kisima," Magige alimkatisha. "Ningeyamwaga."

Nyangi alilitazama lile debe. Lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga, na juu yake yameelea matawi mabichi ili maji yasirukeruke njiani. Maji ya kumwaga hayatunzwi hivyo. Siku mbili baadaye alichukua gunia la katani na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, akaishonea pikapu ya Magige gunia la mbele.

Kwa mtu wa mahali pengine hili linahitaji maelezo kidogo. Katika nchi ile ya nyasi ndefu, gari linapopita njia za porini hubeba mbegu za nyasi mbele yake. Ni mbegu zenye ncha, kama vishale vidogo. Zinaingia kwenye shoo, yale matundu ya mbele ya gari, zinajikita kwenye rejeta inayopoza injini, na dereva asipozitoa kila jioni, moja moja, injini huchemka au nyasi hushika moto. Kwa hiyo madereva wa Mugumu, tangu zamani, walifunga gunia mbele ya gari. Mbegu zinanasa kwenye gunia, rejeta inabaki safi. Lori la mradi lilivaa gunia, Landrova kuukuu ya afisa kilimo ilivaa gunia, na hakuna gari lililowahi kulalamika. Magunia yote yale alishona Nyangi. La pikapu alilishona vizuri kuliko yote, mishono miwilimiwili, na vitanzi vinne vya kufungia, kwa sababu alikuwa ameona vidole vya Magige vikitoka damu.

Magige alilikuta gunia juu ya boneti. Aliligeuza huku na huku akitafuta kasoro.

"Limepinda," alisema, akalifunga.

Ndivyo walivyoishi wale wawili.

Kiyoyozi kilianza kuleta taabu wiki hiyohiyo, ingawa hakuna aliyehesabu siku. Asubuhi kilipuliza baridi. Jua likipanda kikaanza kupuliza uvuguvugu, na ikifika saa sita kinapuliza joto tupu, kama mtu anakuhemea usoni. Bwana Method hakuondoa amri yake ya vioo. Alikuwa ameshaandika barua kwa wakubwa kusifu zile pikapu, na mtu aliyesifu hivyo hawezi kuonekana barabarani ameteremsha kioo kama muuza samaki. Alikaa ndani akachemka, na kadiri alivyochemka ndivyo alivyozidi kumtazama Magige.

Fundi Selestine alifungua boneti mara tatu. Aliangalia mkanda, akaangalia waya, akawasha mashine asubuhi yadini, ikapuliza baridi safi.

"Haina ugonjwa," alisema.

"Kwa hiyo mgonjwa ni mimi?" aliuliza Bwana Method.

Wakaipeleka Musoma ikaangaliwe na fundi mkubwa. Magige alilivua gunia kabla ya kuondoka, akalitupa stoo. Kuingia mkoani na gunia, alisema, ni kama kwenda kanisani umefunga kitambaa cha jino. Njia nzima kiyoyozi kilifanya kazi. Musoma kilifanya kazi. Fundi mkubwa aliwacheka. Kurudi, Bwana Method alilala usingizi kwa ubaridi. Na siku iliyofuata, gunia limerudi mahali pake, walikwenda Ikoma na mkuu akapikwa upya.

Habari zikaja kutoka Tarime kwamba pikapu ya Nashoni haina shida yoyote. Kule ni mashamba na barabara za watu, nyasi zimefyekwa. Nashoni hakuwa na haja ya gunia. Lakini jambo hilo hakuna aliyelisema, kwa sababu hakuna aliyelifikiria. Bwana Method alisema moja tu: magari mawili ni mapacha, linaloumwa ni lile linaloendeshwa na mtu aliyetangaza hadharani kwamba atakuwa anakizima.

Neno la wakati ule lilikuwa hujuma. Mtu aliyeharibu mali ya umma kwa makusudi aliitwa mhujumu, na akishaitwa hivyo hata jirani yake huacha kumwazima jembe. Jumanne ile, baada ya kumaliza chai yake, Bwana Method alimwita Joram, mtunza stoo, ambaye pia alikuwa katibu wa tawi la chama pale kazini.

"Nimechoka," alisema, akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwa Nyangi. "Naandika barua. Kesho saa nane wafanyakazi wote wakutane hapa, tumsomee, kisha polisi wamchukue. Kwa hujuma."

"Mashahidi?" Joram aliuliza.

"Yadi nzima ilimsikia. Na huyu mama pia."

Joram alimgeukia Nyangi. "Ulimsikia?"

"Nilimsikia," alisema Nyangi, kwa kuwa ni kweli.

Alipookota vikombe aliinua macho akaiona pikapu, imeelekeza uso wake kwake, na lile gunia limejaa mbegu. Hapo ndipo alipokumbuka jana yake.

Jumamosi alikuwa amelifua lile gunia, kwa sababu lilikuwa limeshiba mbegu mpaka likasimama lenyewe. Gunia la katani hukauka polepole. Jumatatu asubuhi lilikuwa bado bichi, naye akaona aibu kumpa mtu kitu kibichi kioze, akaliacha kwenye kamba. Pikapu ilikwenda bila gunia. Na Jumatatu jioni Bwana Method alirudi mkavu. Alimpa hata asante ya chai, akasema, "Leo Ndugu Magige ameamua kuwa binadamu." Jumanne gunia likarudi, na mkuu akarudi amelowa.

Nyangi alikumbuka pia Musoma, na gunia lililotupwa stoo.

Alikwenda mbele ya pikapu kana kwamba anaokota kikombe. Aliingiza mkono nyuma ya gunia. Joto lililokuwa limekaa mle lilimfanya autoe mkono haraka. Alifikiri juu ya kile kipande chake cha bati jikoni, anavyokigeuza kila asubuhi kutafuta upande wa upepo, maana moto usiopata upepo haufanyi kazi yake. Kitu kile cha mbele kilitaka kupumua. Yeye alikuwa amekiziba pua, kwa mishono miwilimiwili.

Hakumwambia mtu. Alifunika mafiga, akatembea kwenda Morotonga jua likiwa bado juu kidogo.

Njiani aliwaza mambo mawili. La kwanza lilisema, kwa sauti ya Kisyeri: nyamaza. Hukumshtaki wewe. Alijitia mwenyewe kwenye mtego kwa ulimi wake, na ukinyamaza kesho, yule mtu wa kaskazini atapanda gari la polisi, na wewe hutakuwa umefanya lolote isipokuwa kuchemsha chai. La pili halikuwa na maneno mengi. Lilikuwa ni lile debe, na yale matawi juu yake. Na Nyangi alijua jambo jingine: gunia lile si la Magige. Akisema, anayekutwa ameziba gari la serikali ni yeye, mwanamke asiyejua hata hicho kiyoyozi kimekaa sehemu gani.

Kesho yake debe la maji lilikuwa kando ya mafiga kabla hajafika. Lilikuwa limeletwa asubuhi badala ya jioni, kana kwamba aliyelileta hakuwa na hakika ya jioni.

Saa nane wafanyakazi walikaa juu ya mabomba. Polisi mmoja alisimama getini akila muwa. Bwana Method alisoma barua yake kwa sauti ya juu, akafika kwenye maneno "kwa makusudi na kwa dharau", akayarudia.

"Una la kusema?" Joram alimwuliza Magige.

"Ninalo. Mkuu amesoma vizuri."

"Magige, huu si mzaha. Unakwenda kufungwa."

"Nimekwambia sijakizima. Nimemwambia yeye sijakizima. Nimeiambia hata pikapu. Sasa mnataka nimwambie nani, ng'ombe?"

"Kwenu kule ng'ombe ndio mnaoelewana nao," alisema Bwana Method. "Hasa wa watu wengine."

Baadhi ya watu walicheka, wengine walitazama chini. Magige aliinuka nusu, fundi Selestine akamshika mkanda wa suruali kwa nyuma akamkalisha. Nyangi hakucheka. Miaka tisa alikuwa akisema maneno kama hayo ndani ya moyo wake, na sasa aliyasikia yametoka nje, kwenye kinywa cha mtu mwingine, akaona yanavyofanana na matapishi.

Alisimama. Goti lilimkatalia, akashika ukuta.

"Si yeye," alisema. "Ni gunia."

"Mama Nyangi, kaa," Bwana Method alisema. "Chai baadaye."

"Gunia la mbele. Nililishona mimi. Likiwepo, kile kiyoyozi kinashindwa. Lisipokuwepo, kinafanya kazi. Jumatatu halikuwepo, nililifua. Musoma halikuwepo. Ukiwa na gunia unarudi umelowa, ukiwa huna unarudi umekauka. Mimi ndiye ninayekupokea na kikombe, najua."

Bwana Method alicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Fundi mkubwa wa Musoma hakuliona. Watu walioitengeneza hawakuliona. Ameliona mpika chai."

"Fundi wa Musoma hakuliona kwa sababu halikuwepo," alisema Nyangi. "Ndicho ninachokwambia."

Selestine alikuwa ameshafika mbele ya pikapu. Alichuchumaa, akainua ncha ya gunia, akakaa vile muda mrefu. Aliporudi alikuwa anajikuna shingo.

"Mimi nilifungua boneti," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa natazama kwa juu, na kiyoyozi kina rejeta yake mbele kabisa, nyuma ya gunia. Magari yote yana gunia. Huwezi kuliona gunia kwenye gari la Mugumu."

"Wamepanga," alisema Bwana Method. "Huyu mama anamtetea. Muulizeni kwa nini."

"Simtetei," alisema Nyangi. "Simpendi."

"Na mimi simpendi," alisema Magige. Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine.

Joram alikuwa mtu mwembamba asiyependa kelele. Aliichukua barua mkononi mwa mkuu, akaikunja mara mbili. "Jua hilo hapo," alisema. "Gari hilo hapo. Tuna haja gani ya kubishana? Twende mpaka ng'ambo ya Morotonga na gunia, turudi bila gunia. Selestine aendeshe. Magige akae nyuma, asiguse kitu. Mama naye akae nyuma. Ndugu Method, mimi na wewe ndani. Vioo tufunge."

Ndivyo Nyangi alivyopanda pikapu ile kwa mara ya kwanza, akivutwa mkono na polisi mwenye muwa. Alikaa juu ya bomba. Magige alikaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana, na hakuna aliyesogea. Gari liliondoka. Wote wawili walitazama kwenye kioo cha nyuma, ambako visogo vitatu vilikuwa vimekaa kama mitungi.

"Sikukuomba uniseme," Magige alisema.

"Na mimi sikukuomba maji."

"Yale yalikuwa ya kumwaga."

"Nyamaza, mura. Kwa mdomo huohuo ulitaka kwenda jela."

Magige alishangaa kuitwa mura, neno la kwao kwa kijana. Walipopita nyumba za Morotonga, mstari baada ya mstari, kisogo cha Bwana Method kilianza kung'aa. Alitoa leso. Akafuta shingo, akafuta masikio. Joram naye akafungua kifungo. Selestine, maskini, hakuwa na mkono wa kujifutia, alipangusa uso kwa bega. Pikapu ilipofika ng'ambo na kusimama, milango ilifunguka kwa pamoja, na wanaume watatu wakashuka wakihema kama watu waliotolewa kisimani.

"Tumeona hicho tunachokijua," alisema Bwana Method. "Sasa livue."

Alilivua Nyangi mwenyewe. Vitanzi vilikuwa vimekaza kwa vumbi, na vidole vyake havikuwa na nguvu. Magige aliinama akafungua kile cha chini ambacho Nyangi hakuweza kukifikia kwa sababu ya goti. Bwana Method alifoka, "Usiguse." Magige akainua mikono juu, lakini kitanzi kilikuwa kimeshafunguka.

Walirudi taratibu. Nyangi aliliweka gunia mapajani na kuanza kutoa mbegu moja moja, kwa kuwa mikono yake haikuweza kukaa bure, na kwa kuwa hakutaka kutazama kile kioo. Akatazama. Kisogo cha Bwana Method bado kiling'aa. Wakapita nyumba ya kwanza ya Morotonga, ya pili, ya kumi. Leso ikapanda shingoni. Pengine alikuwa mjinga. Pengine Jumatatu ilikuwa Jumatatu tu, siku yenye mawingu, na ameinuka mbele za watu kusema upuuzi wa mafiga.

"Hakuna kitu," alinong'ona.

"Subiri," alisema Magige. "Limechemka. Hata uji haupoi palepale."

Ilikuwa mara ya kwanza amwambie neno lisilo na mwiba.

Karibu na mteremko wa kuingia Mugumu, leso ilishuka na haikupanda tena. Mabega ya Bwana Method yaliteremka kidogo. Joram alipeleka kiganja kwenye tundu la upepo, akakiacha hapo. Kisha, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana anafanya hivyo, Bwana Method aliinua mikono yote miwili akafunga kifungo cha kola yake.

Magige alitoa pumzi. Nyangi aligundua kwamba na yeye alikuwa ameizuia yake.

Yadini Bwana Method hakuomba radhi. Alishuka mkavu, akasimama mbele ya wafanyakazi, akatafuta mtu wa kumkasirikia. "Kuanzia leo ni marufuku gunia kwenye pikapu hii," alisema. "Na kwa kuwa mama huyu aliweka kitu kwenye gari la umma bila kibali, atapewa onyo la maandishi. Na kila jioni, baada ya chai, atatoa mbegu kwenye rejeta kwa mkono. Yeye na dereva wake. Zote. Nikikuta mbegu moja, mtanieleza."

"Na barua ya polisi?" aliuliza Joram.

"Barua gani?"

Joram aliiweka mfukoni mwa shati. Polisi alimaliza muwa wake, akatema makapi, akaenda zake. Baadaye, alipopita kwenye mafiga, Joram alimwambia Nyangi kwa sauti ya chini kwamba onyo lile ataliandika yeye, na kwamba kalamu yake ina tabia ya kuishiwa wino.

Jioni ile walikaa mbele ya pikapu, Nyangi juu ya debe lililopinduliwa, Magige chini, mavumbini. Mbegu zilikuwa nyingi kuliko walivyodhani, hata kwa safari fupi kama ile. Nyangi alitumia shazia. Magige alitumia kucha. Yadi ilitulia, na Selestine akapita akawaacha na taa ya chemli ingawa mwanga ulikuwa bado unatosha.

"Wanasema mumeo alikufa kwa mikono ya watu wa kwetu," Magige alisema, bila kuinua uso.

"Ndiyo."

"Mwaka gani?"

Alimtajia.

Magige alitoa mbegu mbili, akazitupa. "Nilikuwa Musoma. Najifunza udereva. Sikuwepo."

"Najua hukuwepo," alisema Nyangi. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilitaka tu uwe ulikuwepo."

Magige alilifikiria jambo hilo. Alirudi kwenye rejeta, akachokonoa mbegu iliyokuwa imezama ndani, na ncha ikamwingia chini ya ukucha. Alikiweka kidole mdomoni akatukana kwa Kikurya, polepole, maneno marefu.

"Tumia hii," alisema Nyangi.

Alimpa shazia, akaigeuza kwanza, ncha ikabaki upande wake mwenyewe.